Chini ya Kibao Kulikuwa na Bluu

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua kwamba mimi, Nasra binti Nurdini, nimemrithi baba yangu akiwa bado hai. Nimerithi jina la mwizi.

Kwa anayeingia leo, akae hapa karibu nimweleze kwa ufupi. Baba alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Dodoma, mimi sijazaliwa. Gitaa la bendi, la bluu, likapotea. Kiongozi wa bendi akapanda jukwaani, akamtaja baba kwa jina mbele ya watu waliokuja kucheza. Baba akarudi kwao Kolo, akashika jembe, na tangu hapo hajagusa uzi wa gitaa.

Jina hilo ndilo lililovunja posa yangu. Mshenga alikuja, akanywa chai, akauliza ukoo, kisha akasahau njia ya kurudi.

Sasa baba amelala Kolo, mapafu yamechoka. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Kila nikienda ananishika mkono na kusema neno lilelile: "Nasra, nitakufa mwizi."

Nilipoishia, mzee mmoja alikuwa ameingia kwenye karakana ninayofanyia kazi, Chang'ombe ya hapa Dodoma, tunapopaka rangi makabati na vitanda. Alibeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza jina.

"Batholomeo," akasema.

Ndiye. Kiongozi wa bendi.

Mkononi nilikuwa na bunduki. Namshukuru Mungu ilikuwa ya kupulizia rangi.

*

"Binti, mbona umeduwaa?"

"Ni tina ya kuzimulia rangi, mzee. Harufu yake inapanda kichwani."

Akafungua blanketi juu ya meza. Lilikuwa gitaa la umeme, la kijani. Kijani cha zabibu ambayo bado haijaiva, na vanishi yake imepasukapasuka vijistari vyembamba kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Nataka uligeuze," akasema. "Liwe la bluu."

"Bluu ya namna gani?"

"Ya anga la hapa kwetu, mvua zikishaisha. Tulikuwa na gitaa kama hili, ndugu yake kabisa, ila lile la bluu. Wazee wa bendi tuliobaki tunakutana kupiga kwa mara ya mwisho, kabla Mungu hajatuokota mmojammoja. Nataka watu watuone kama tulivyokuwa."

"Na lile la bluu likaenda wapi?"

Nilisomea uandishi wa habari, nikapata ajira ya msasa. Kuuliza nilichokwisha kukijua ni sehemu ya stashahada yangu.

"Liliibwa," akasema Batholomeo. "Na mtu mmoja wa Kolo, anaitwa Nurdini. Binti, mtu yule mikono yake ilikuwa na asali. Lakini mwizi."

Bosi wangu Zablon, asiyemjua baba yangu hata kwa sura, akacheka kutoka kule alikokuwa anachanganya rangi. "Mikono yenye asali ndiyo inayonasa vitu vya watu, mzee!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaangalia sakafu.

"Mlimpekua?" nikauliza.

"Tulimfuata mpaka kwake. Tukaingia uvunguni, tukapanda darini, tukafukua hata zizi. Mjanja yule, alishaliuza. Jambo moja tu aliligomea. Alisema kihenge cha mkewe cha kuwekea mtama tusikiguse, kwao mwanaume haingizi mkono kwenye kihenge cha mwanamke, hata mwenye nyumba mwenyewe. Tukaheshimu. Sisi si washenzi."

Akafunga blanketi lake, akaniachia gitaa, akaenda zake akiimba kwa sauti ya chini.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilitaka nipake kwanza. Nilitaka niharibu kwanza, ukweli ndio huo. Rangi ukiipuliza kabla ya chini kukauka, hutoka mapovu, na mapovu kwenye gitaa ni kama ndui usoni. Nilitaka Batholomeo apande jukwaani na gitaa lenye ndui.

*

Kupaka ni kuvua kwanza. Nikavua nyuzi. Nikaligeuza, nikaona mgongo wake una alama: vijumba vidogo vya pembe nne, vimejipanga mgongo mzima kama vimegongwa muhuri.

"Hili limelala na mamba," alisema Zablon.

"Vanishi hizi za zamani zikipata joto hulainika," nikamjibu. "Chochote kikiligandamiza siku nyingi, kinaacha sura yake."

"Basi lililala juu ya mkeka."

Tukaliacha hilo. Nikageuza mbele, nikashika bisibisi. Chini ya nyuzi magitaa haya yana kibao cha plastiki, kinachozuia ukucha wa mpigaji usikwangue rangi. Skrubu zilikuwa na kutu, zikanisumbua, nikazitia mafuta nikangoja. Kibao kikatoka na mlio kama wa jino linalong'olewa.

Chini yake kulikuwa na bluu.

Niliketi chini. Sikuketi kwenye kiti, niliketi sakafuni.

Bluu safi, ya anga, yenye umbo la kile kibao, na pembeni yake kijani kimeizunguka kama maji machafu yanavyozunguka kisiwa. Hakukuwa na rangi mbili zilizopakwa. Ilikuwa rangi moja. Vanishi ya juu huanza bila rangi, halafu moshi, joto na miaka huigeuza manjano, kama meno ya mvuta tumbaku. Na manjano yakikaa juu ya bluu, hata mtoto wa chekechea mwenye penseli mbili atakwambia kinachotokea.

Gitaa la bluu halikuwa limepotea. Lilikuwa limezeeka.

"Zablon!" nikaita. "Njoo uone!"

Akaja, akaangalia, akakuna kichwa. "Vizuri. Piga msasa, kazi ya watu inasubiri."

"Nikipiga msasa hapa namuua baba yangu."

Ndipo nikamweleza. Zablon ni mtu wa maneno, lakini siku hiyo aliishiwa. Alichukua msasa mkononi mwangu, akaenda kuuweka rafu ya juu kabisa, nisiyoifikia.

"Samahani kwa ile ya asali," akasema.

*

Nikampigia mama simu. Mama yangu, Kuluthumu, ndiye anayemgeuza baba kitandani, ndiye anayemnywesha uji. Nilitaka awe wa kwanza kufurahi.

"Mama, nimeliona gitaa! Lile la bluu! Limegeuka kijani, alikuwa nalo Batholomeo mwenyewe miaka yote hii!"

Nikasikia kijiko kikigota kikombe.

"Mama? Unanisikia?"

"Umemwambia baba yako?"

"Bado."

"Usimwambie. Baba yako anahitaji kusomewa Yasini. Hahitaji gitaa."

"Mama, jina lake litasafika!"

"Jina la mtu liko kwa Mola wake. Lipake rangi, mwanangu. Mrudishie mwenyewe."

Nikapandisha sauti. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Naye akanijibu kwa fimbo yake ya siku zote: "Mimi kifua changu kilikauka nikakukuza kwa maziwa ya mbuzi wa sikio moja, leo unanipigia kelele?"

Mbuzi huyo nilimsikia utoto wangu wote. Watoto wa Kolo walikuwa wakinikimbiza wakiimba, "Nasra mwana wa sikio moja!" Nikajua nikishatajiwa mbuzi, mazungumzo yamekwisha.

Nikakata simu. Niliona mama amechoka, uuguzi umemla. Mpumbavu mimi.

*

Batholomeo aliporudi, nilikuwa nimeliweka gitaa juu ya meza, kibao kimetoka, bluu inatazama dari.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mbona halijapakwa?"

"Nilikuwa sijakutajia jina langu. Mimi ni Nasra binti Nurdini, wa Kolo."

Akarudi nyuma hatua. Akamtazama Zablon, akatazama mlango.

"Sogea, mzee," nikasema. "Angalia chini ya kibao."

Akaangalia. Akatikisa kichwa. "Hapana. Magitaa ya bluu yalikuwa mengi duniani."

"Duniani, ndiyo. Dodoma?"

"Hapana, binti. Hapana. Unataka kumsafisha baba yako, naelewa, hata mimi ningekuwa mwanawe..."

Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye tundu dogo pembezoni mwa ile bluu. Tundu lisilo na skrubu, lililozibwa kwa kitu.

"Nipe mwanga," akasema.

Zablon akamulika kwa simu.

"Hiyo ni njiti ya kiberiti." Sauti yake ilikuwa imekatika. "Kibao kililegea tukiwa tunapiga harusi Kondoa. Nikatoboa mwenyewe. Nikatoboa vibaya. Nikaziba kwa njiti, nikamwambia Nurdini asimwambie mtu kwamba kiongozi wa bendi hawezi kutoboa tundu."

"Na hakumwambia mtu," nikasema. "Hata mimi ndiyo nasikia leo."

Mzee alilia kama anavyolia mtu asiye na mazoezi ya kulia, kwa kikohozi.

"Nimelipiga gitaa hili kanisani," akasema. "Nimelipiga harusi za wanangu. Nilikuwa namtukana baba yako huku nimelikumbatia. Yuko hai?"

"Yuko hai, lakini si wa kungoja."

"Twende."

"Leo?"

"Zablon, una gari?"

"Nina kirikuu, mzee. Kina breki, na wakati mwingine kinawaka."

*

Tulibanana watatu mbele, gitaa magotini kwangu, bila nyuzi, kibao nimekifunga kwenye kitambaa. Batholomeo alikuwa anajifunza maneno ya kuomba radhi kwa midomo, bila sauti. Zablon akajaribu kumchangamsha.

"Lakini mzee, wewe ulilipataje?"

Tulikuwa tunaingia Chemba. Batholomeo akanyoosha kidole upande wa mnada. "Pale pale. Nilikuja kutafuta ndama. Nikaliona limening'inizwa kati ya mbuzi wawili."

"Lilikuwa linauzwa kama nyama?"

"Mwenye mbuzi hakujua hata upande wa kulishika. Nikaona umbo ni lile la gitaa letu lililopotea, moyo ukaruka. Kisha nikaona ni la kijani, moyo ukarudi mahali pake. Nikasema basi, nichukue ndugu yake."

"Na yeye alilitoa wapi?" nikauliza. Nilikuwa nafurahia, wasomaji wangu. Nilijiona wakili wa baba yangu anayekaribia kumtia mwizi mkononi.

"Alisema alibadilishana na mama mmoja huko juu milimani. Hakutaja kijiji, wala mimi sikuuliza. Niulize nini, wakati niliyekuwa namtafuta alichukua la bluu? Mama mwenyewe, akasema, alikuwa na kichanga mgongoni kinalia njaa, maziwa hana. Akataka mbuzi. Yule bwana akamwona mnyonge, akampa yule aliyekuwa hauziki. Fisi alikuwa amemtafuna sikio. Mbuzi wa sikio moja."

Zablon akacheka. "Gitaa kwa mbuzi mbovu! Mama huyo alipigwa!"

Nilihisi gari limesimama. Halikuwa limesimama. Ni mimi.

Gitaa lilikuwa limelala magotini kwangu. Viganja vyangu vilikuwa mgongoni mwake, juu ya vile vijumba vya pembe nne, na vidole vikaanza kuvifuata kimoja baada ya kingine. Viganja vyangu vilikuwa vinavijua kabla yangu. Nilikuwa nimevipapasa tangu utoto kila nilipotumwa kuchota mtama.

"Mzee," nikasema, "tusimame. Turudi."

"Turudi?"

"Gitaa halina nyuzi. Halipendezi. Tukalitengeneze kwanza, tuje wiki ijayo."

Batholomeo akanigeukia polepole. "Baba yako anayo wiki ijayo?"

Zablon akakanyaga mafuta.

*

Kolo tulifika jua likiwa bado juu. Mama alikuwa anapepeta uani. Aliona gari, akaniona mimi, akaona nilichobeba. Ungo haukumdondoka. Aliuweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Karibuni wageni."

"Ahsante, shemeji," akasema Batholomeo. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Ulifukua zizi langu."

Mzee akainamisha kichwa, akapita.

Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Amebaki macho na vidole. Alimwona Batholomeo mlangoni na akajaribu kuketi wima, kama askari.

"Umekuja kunipekua tena?"

"Nimekuja kupiga magoti," akasema Batholomeo, na akapiga kweli, magoti yake ya kizee yakalia kwenye sakafu. "Nurdini, gitaa limepatikana. Lilikuwa kwangu. Nililinunua mnadani bila kulijua, kwa sababu lilikuwa limebadilika rangi. Hukuliiba. Nilikutaja bure. Nisamehe kaka yangu."

Baba akanyoosha mikono. Nikampa gitaa.

Akaliangalia. "Hili ni la kijani."

Nikaweka kidole kwenye ile bluu. Akainama karibu, karibu zaidi, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu juu ya rangi. Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye njiti ya kiberiti.

"Kiongozi wa bendi," akasema, "hawezi kutoboa tundu."

Wakacheka. Wakalia. Sijui kipi kilianza.

Halafu baba akaliweka gitaa kifuani, na mkono wake wa kushoto ukatembea shingoni mwake. Hakukuwa na nyuzi. Vidole vilikuwa vinabonyeza mbao tupu, vinapanda, vinateremka, vinasubiri zamu yao, vinaingia tena. Batholomeo, akiwa bado sakafuni, akaanza kuguna besi kwa mdomo. Wakapiga wimbo mzima hivyo. Zablon, mtu wa maneno, akatoka nje.

Nilipogeuka, mama hakuwepo.

*

Nilimkuta jikoni. Anakoroga uji, mgongo kwangu. Kando ya mafiga kimesimama kihenge chake, mahali pake pa siku zote, fito zimesukwa vijumba vya pembe nne, nje zimekandikwa udongo, ndani ziko wazi, nyeusi kwa moshi. Niliingiza mkono. Nikapapasa.

"Usijisumbue," akasema mama. "Ndipo lilipolala."

"Mama."

"Nikalifukia kwa mtama. Kila mavuno naongeza mpya juu. Alikuwa analala chumba kile, nalo liko hapa. Hakuingiza mkono siku hata moja. Baba yako ana adabu."

"Kwa nini?"

Akaendelea kukoroga. "Nilimtaka arudi nyumbani. Alikuwa anakuja kama mgeni, anaondoka kama mgeni. Mara ya mwisho alikuja nalo, lilikuwa na ubovu alitaka kulitengeneza. Nikamwambia nitaliweka ndani mvua isilinyeshee. Asubuhi nikamwambia mlango ulikuwa wazi, limechukuliwa. Nilidhani wataagiza jingine. Nilidhani watamfukuza tu. Sikujua watamtaja."

"Na walipomtaja?"

"Ningesema nini, Nasra? Kwamba mwizi ni mkewe? Walipofukua zizi nilikuwa nimesimama hapa hapa, mkono juu ya kihenge. Kila mwaka nikasema nitasema mwaka huu. Halafu ukaja wewe, na sikuwa na maziwa."

Uji ukaanza kushika chini. Aliutoa motoni.

"Alirudi," akasema, kwa sauti ndogo. "Hilo nililipata. Amekaa kwangu maisha yake yote. Hajaimba, lakini amekaa."

Nilitaka kumchukia. Naandika haya nikiwa bado natafuta pa kuanzia. Ukimchukia aliyekulisha, chuki yenyewe utailisha nini?

"Nasra!" Sauti ya Batholomeo kutoka ndani. "Njoo, binti!"

*

Baba alikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeiona tangu alazwe. Mashavu yamepata damu. Amekumbatia gitaa, bluu ikiwa juu.

"Mwambie," akamwambia Batholomeo.

"Tumekubaliana," akasema mzee. "Siku ya kukutana wazee wa bendi, nitapanda jukwaani kama nilivyopanda siku ile, na nitamsafisha baba yako kwa jina lake, mbele ya watu. Lakini watu watauliza, kama si Nurdini, ni nani? Nami nitamtaja. Nilimtaja asiye na kosa, siwezi kumficha mwenye nalo."

"Mzee, yamepita hayo," nikasema. "Baba amesafika, inatosha."

"Haitoshi!" Baba alikohoa, tukangoja, akapata pumzi. "Haitoshi, mwanangu. Mtu alinichukulia vidole vyangu. Wewe umekosa mume kwa ajili yake. Atajwe. Hata awe nani. Wallahi simsamehi, duniani wala akhera, mpaka nimsikie akitajwa."

"Usiape, baba. Tafadhali usiape."

"Nimeshaapa."

Batholomeo akaligeuza gitaa taratibu kifuani mwa baba, mgongo ukaja juu. Mwanga wa dirishani ukaangukia vile vijumba, kimoja baada ya kingine, wazi kama alama za kucha.

"Tunaangalia hizi," akasema. "Baba yako anasema hazikuwepo. Kwa hiyo ni za aliyeliiba, za mahali alipolificha. Wewe ndiye mtu wa rangi hapa, Nasra. Kitu gani huacha alama kama hizi?"

Baba naye akapitisha kiganja juu yake. Akapitisha tena. Akakunja uso kidogo, kama mtu anayesikia wimbo alioujua zamani na maneno yamemtoka.

"Kama kitu kilichosukwa," akasema.

Mlangoni mama alikuwa amesimama na kikombe cha uji. Hakutikisa kichwa kunikataza. Hakuniomba kwa macho. Alisimama tu, kikombe kikifuka mvuke usoni mwake, akanisubiri kama nilivyomsubiri mimi, kichanga mgongoni, siku aliyotoa gitaa kununua uhai wangu.

"Jibu, mwanangu," akasema baba. "Pumzi yangu si nyingi."

Nikafungua mdomo.